Porta nyeusi ya Żywiec na iliki za Amani: uzoefu wangu

Nianze na chupa iliyoniudhi, maana bila hiyo nisingeandika haya. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, hapa Kraków, Poland, ninapoishi mwaka wa tatu sasa, niliona dukani bia nyeusi kali iliyoandikwa kwamba imetiwa viungo: mdalasini, karafuu, iliki na tangawizi. Kwa mtu aliyezaliwa Muheza, aliyezoea kuona iliki zikishuka kutoka milima ya Amani kwa magunia, maneno hayo manne ni kama kuitwa kwa jina. Nikainunua bila hata kutazama bei. Kuifungua tu, chumba kizima kikanuka mdalasini, tena si ule wa magamba bali wa bigijii. Iliki sikuiona, tangawizi sikuiona, na bia yenyewe ilikuwa imefukiwa huko chini. Nilikunywa nusu glasi nikamwaga iliyobaki. Kiwanda sitakitaja, huenda niliangukia chupa mbovu tu, na sikuja hapa kumharibia mtu biashara yake.

Ila wazo la viungo ndani ya bia nyeusi halikunitoka. Nikaona dawa ni kutafuta porta nzuri isiyo na kitu kingine, kisha viungo nitie mwenyewe, kwa kipimo changu. Niliyoichagua ni Żywiec Porter (Wapolandi hutamka Zhivyets). Nimeshainywa majira mawili ya baridi, inapatikana hata kwenye maduka ya kawaida, na ni ya zamani: wameanza kuitengeneza mwaka 1881. Siku hizi haipikwi kwenye mji wenyewe wa Żywiec. Inapikwa Cieszyn, mji mdogo wa mpakani ambapo ukivuka daraja la mto Olza umeshaingia Cheki, kwenye kiwanda kilichojengwa mwaka 1846.

Kwa wasioijua porta, neno tu. Bia hii ilianzia London katika karne ya 18, na jina lake limetokana na wapagazi, wale waliobeba mizigo sokoni na bandarini, kwa sababu wao ndio walioipenda zaidi. Sisi tulio na historia yetu ya wapagazi, kutoka bara mpaka Bagamoyo, hilo jina halitupiti hivi hivi. Waingereza wakaisafirisha kwa meli hadi nchi za bahari ya Baltiki, ikiwa kali kuliko ile waliyokunywa kwao, na baadaye viwanda vya huku vikaanza kutengeneza ya kwao. Tofauti kubwa waliyoileta ni hamira. Walitumia ile inayofanya kazi kwenye baridi, polepole, halafu bia ikaachwa itulie kwa miezi. Ndiyo maana porta ya Baltiki, pamoja na ukali wake wote, inateremka laini.

Na ukali upo. Żywiec Porter ina kilevi asilimia 9.5. Guinness ya chupa ya Kenya ina 6.5, na bia nyingi za kawaida ni 5 au chini kidogo. Chupa moja ya nusu lita ya porta hii ni karibu sawa na chupa mbili kubwa za bia ya kawaida. Mimi huinywa nikiwa nimeshakula, moja kwa jioni nzima, na siku hiyo gari haliguswi; sheria ya hapa inaanza kukuhesabia makosa ukifika 0.2 tu kwa elfu kwenye damu.

Kabla ya viungo nikainywa yenyewe, ili nijue ninachokwenda kukigusa. Usiinywe ikiwa imetoka kwenye friji. Nilipoinywa ya baridi sana niliona utamu na kilevi tu, basi. Iache mezani nusu saa, ifike kama nyuzi 12. Ukiimimina inatoka nyeusi tii, lakini ukiinua glasi mbele ya taa, ukingoni unaona wekundu kama wa chai ya rangi iliyokolea. Povu lake ni la rangi ya mchanga, si jingi, na halikai. Harufu ya kwanza niliyoipata ni sukari guru. Siyo sukari iliyoungua; sukari guru hasa, ile ya kuvunja kwa jiwe. Nyuma yake kuna zabibu kavu, ganda la mkate uliobabuka kidogo, na kahawa kwa mbali. Mdomoni inaanza na utamu, uchungu unakuja mwishoni, mpole, kisha kifua kinapata joto. Aliyezoea Guinness asitarajie ule ukavu wa nafaka zilizokaangwa sana. Hii ni nene, ya duara, kimea ndicho kinachozungumza.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la ile chupa ya kwanza. Porta tayari ina viungo vyake, vilivyotoka kwenye kimea kilichokaangwa. Unachoongeza lazima kikae nyuma. Mtu akila pilau iliyopikwa vizuri hasemi "karafuu hii tamu". Anasema pilau tamu, na karafuu akikutana nayo chini ya jino anaiweka pembeni ya sahani.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kuichemsha, kwa sababu ndivyo wenyeji wanavyofanya. Majira ya baridi hapa baa nyingi zinauza bia ya moto yenye karafuu, mdalasini, tangawizi na asali au juisi ya matunda, na hakuna anayeshangaa. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye amepita miaka 70, aliniambia zamani kabla kahawa haijaenea, watu wa nchi hii walikunywa asubuhi supu ya bia iliyokorogwa na kiini cha yai. Yeye mwenyewe huchemsha bia akiona dalili za mafua. Nilipomwonyesha iliki nilizoletewa na binamu yangu kutoka nyumbani, akavunja moja kwa ukucha, akazihesabu zile mbegu nyeusi kiganjani, akanusa, akakaa kimya kidogo. Akasema anayoijua yeye ni ya unga, ya kutia kwenye keki, na haijawahi kunukia hivyo.

Nikamimina chupa nzima kwenye sufuria ndogo na kuwasha moto. Kosa. Bia ikipata joto, gesi yake yote inatoka kwa mkupuo. Povu lilipanda kama maziwa na kufurika mpaka kwenye jiko. Tumia sufuria kubwa mara tatu ya bia yako, na moto mdogo. Kosa la pili ni karafuu. Nilitia nane, kwa mazoea ya mkono wa pilau. Nilipoonja, ncha ya ulimi ikafa ganzi. Mafuta ya karafuu ndiyo yale yale ambayo madaktari wa meno wameyatumia miaka mingi kutuliza maumivu, na kwenye kinywaji chenye kilevi kingi yanatoka upesi kuliko kwenye maji.

Jioni iliyofuata nilirudia kwa adabu zaidi. Karafuu tatu. Iliki nne, zilizogongwa kidogo kwenye kinu mpaka ganda lipasuke, basi. Kipande cha mdalasini urefu wa nusu kidole, kipande kimoja chembamba cha tangawizi, utepe wa ganda la chungwa bila ule weupe wake, na kijiko cha chai cha asali. Nilivitia viungo kwenye bia ikiwa bado baridi, nikaipasha taratibu. Mvuke ulipoanza kupanda, kabla ya kiputo hata kimoja, nikazima, nikafunika dakika tano, nikachuja. Usiiache ichemke: kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, mapema kuliko maji, kwa hiyo sehemu yake itaruka, na uchungu unaobaki mdomoni ni kama wa dawa.

Hii sasa ilikuwa nzuri. Nje theluji, ndani kikombe kinachonukia baraza la Eid. Asali iliungana na ile sukari guru ya kimea, tangawizi ikakamata koo kwa chini, na iliki ikapanda puani kila nilipoinamisha kikombe. Mama mwenye nyumba alimaliza chake akaomba robo nyingine. Lakini nina malalamiko mawili. Gesi imekwisha, na bila gesi porta nene inachosha. Baada ya nusu kikombe inakuwa kama sharubati. Pia joto linaufunua mno mdalasini. Hata kipande kile kidogo kilisimama mbele ya wenzake.

Kwa hiyo likaja jaribio la tatu, na ndilo lililonifanya niandike. Watengenezaji wadogo wa bia, wakitaka kutia viungo bila kupika bia upya, huviloweka kwanza kwenye pombe kali, kisha huongeza yale maji kidogo kidogo huku wakionja. Nilichukua kichupa kidogo cha dawa nilichokiosha kwa maji ya moto, nikatia iliki sita zilizopasuliwa, karafuu mbili, punje tano za pilipili manga zilizovunjwa na ganda la chungwa, nikamimina vodka vijiko vinne vya chakula. Mdalasini nikauacha nje kabisa. Nikafunga, nikaweka kabatini siku nne, nikikitikisa kila asubuhi. Siku ya nne maji yalikuwa na rangi ya samli na harufu ambayo ukiifungua lazima urudi nyuma hatua moja. Aliyeko Tanzania anaweza kutumia Konyagi, ingawa yenyewe ina ladha yake, kwa hiyo apunguze ganda la chungwa.

Nilisubiri Jumamosi ya tatu ya Januari. Hapa Poland siku hiyo ni ya porta ya Baltiki; tangu mwaka 2016 wapenzi wake wanaiadhimisha kwenye baa na majumbani. Nilialika wenzangu wawili wa kazini. Nilipanga glasi tatu kwa kila mmoja: ya kwanza porta tupu, ya pili matone matano ya maji ya viungo, ya tatu matone kumi na tano. Glasi zenyewe ndogo, za mililita 100 hivi.

Ya matone kumi na tano tuliikataa sote watatu. Ilinikumbusha ile chupa ya Novemba. Lakini ya matone matano! Unapoinua glasi huoni iliki. Unaona porta ile ile, ila ile kahawa iliyokuwa kwa mbali imesogea karibu, kama mtu amefungua mlango wa chumba cha pili. Iliki inafanya na kimea kilichokaangwa kile kile inachofanya na kahawa chungu ya pwani, ile ya vikombe vidogo visivyo na mkono, au kahawa ya Waarabu wa Oman na Ghuba: haileti utamu, inausafisha uchungu. Pilipili manga unakuja kuijua baada ya kumeza, kwenye mizizi ya ulimi. Gesi ipo, ubaridi upo, na glasi haikuchoshi. Mmoja wa wenzangu, mtu wa Cieszyn ambaye baba yake huweka porta chini ya ngazi miaka mingi, alirudi kwenye glasi tupu, akaja kwenye ya matone matano, akarudi tena, akaniuliza nimefanya nini. Nikampa kichupa anuse.

Hukumu yangu basi, kwa anayetaka kununua. Żywiec Porter yenyewe ninaipa alama ya juu bila kusita: ina unene wa kubeba viungo na utulivu wa kunywewa bila chochote. Kwa baridi kali na wageni wengi, ipashe pamoja na tangawizi na asali, karafuu zisizidi tatu kwa chupa. Ukiwa na subira, loweka iliki, na hesabu matone kwa glasi. Kwenye chupa nzima ya nusu lita mimi natia kati ya ishirini na ishirini na tano, sizidishi. Iliki ya unga usiitumie. Haichujiki, inaacha mchanga mdomoni, na mara nyingi harufu yake imeshakwenda zamani.

Kama hupendi vinywaji vyenye utamu, au unatafuta cha kukata kiu mchana, hii si bia yako, na matone hayataibadilisha. Kama umezoea bia nyepesi, anza na glasi ya mililita 100 ukiwa na kitu cha kutafuna pembeni. Sisi tulikula jibini iliyofukizwa moshi ya watu wa milimani, na ilikubaliana nayo kuliko nyama.

Kichupa changu kimebaki robo. Chupa mbili za porta nimeziweka chini ya kitanda upande wa ukuta wa nje, penye baridi, nikaandika mwezi kwenye karatasi zake, kwa sababu bia hii huvumilia miaka na hubadilika ikikaa. Binamu anarudi Tanga mwezi wa saba. Nimemwagiza iliki za kijani, zisizokaushwa sana, na safari hii nitajaribu moja bila karafuu kabisa.