Kimya kile kwenye filamu: mapenzi na njozi nilizotazama

Mimi si mhakiki. Hutazama filamu kazi zikiisha, na hupenda za aina mbili: za mapenzi na za njozi. Miaka hii ya karibuni nimetazama kadhaa, na nimegundua kwamba zilizonikaa moyoni ni zile zilizothubutu kunyamaza. Nitagusa miisho, kwa hiyo kama hutaki kujua, zitazame kwanza.

Past Lives ya 2023 ndiyo iliyonishika zaidi. Ni filamu ya kwanza ya mwongozaji Celine Song, ambaye mwenyewe alihama Korea Kusini kwenda Kanada akiwa mtoto, na unahisi kabisa kwamba anasimulia jambo analolijua. Nora na Hae Sung walipendana kitoto, familia ya Nora ikahama, wakapotezana miaka 12. Wakaja kuongea tena kwa mtandao, wakaachana miaka mingine 12, mpaka Hae Sung akamfuata New York. Kumbe Nora kashaolewa.

Hapo nikajiweka tayari kwa ugomvi: mume awake, milango ibamizwe. Wapi! Arthur, mumewe, anaumia lakini anampokea mgeni kwa heshima. Mwishoni Nora anamsindikiza Hae Sung barabarani kungoja gari. Wamesimama, wanatazamana, hakuna anayesema neno. Nilishika pumzi. Gari likaja, likamchukua, Nora akarudi taratibu mpaka ngazini alipoketi mumewe, na ndipo kilio kikamtoka. Nililia naye. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni Kikorea chenye tafsiri chini ya skrini, basi weka simu mbali.

Anyone But You nayo ni ya 2023, imejengwa juu ya tamthilia ya Shakespeare na imepigwa Sydney. Bahari inapendeza, waigizaji wanapendeza. Ila uhasama wote wa wapenzi wale wawili unatokana na maneno yaliyosikiwa kwa bahati mbaya, na swali moja tu lingeumaliza asubuhi ile ile. Nilicheka, nikaisahau.

Upande wa njozi, Wicked ya 2024, filamu ya nyimbo na uchawi, niliiendea kwa wasiwasi kwa sababu ni ndefu, dakika 160, na hiyo ni nusu tu ya hadithi; iliyobaki ilitoka 2025. Wasiwasi uliisha kwenye ukumbi wa dansi. Elphaba, msichana wa rangi ya kijani anayechezwa na Cynthia Erivo, anaingia na kofia nyeusi aliyopewa kwa dhihaka. Watu wanamcheka. Anaanza kucheza peke yake, polepole, mikono ikipanda na kushuka, na muziki umenyamaza. Glinda, ambaye ndiye aliyempa kofia ile, anaona alichokifanya. Anajongea na kuanza kuiga mikono ile ile. Kamera inawasogelea mpaka unaona chozi la Elphaba likishuka. Hakuna uchawi wowote pale, na bado ndiyo sehemu iliyonifanya niuamini uchawi wote uliofuata.

Imenisaidia pia kujua kwamba Erivo na Ariana Grande, anayemcheza Glinda, waliimba wenyewe papo hapo mbele ya kamera, na kwamba kwa ajili ya mashamba yanayoonekana humo yalipandwa maua halisi ya tulipu, mamilioni. Ndiyo maana inaniuma kwamba rangi zimefifia. Mwanga mara nyingi unatoka nyuma ya waigizaji, nyuso zinakuwa na kiwingu. Kazi kubwa namna ile ilistahili kuonekana vizuri.

Ya mwisho inaturudisha kwenye mapenzi: We Live in Time, ya 2024 pia, wanayoigiza Florence Pugh na Andrew Garfield. Hadithi inarukaruka mbele na nyuma, na nusu saa ya kwanza ilinichosha kutafuta tupo mwaka gani. Vumilia. Almut ni mpishi, anapata saratani, na mwanzoni mwa mapenzi yao anamfundisha mpenzi wake, Tobias, kupasua yai: ligonge kwenye sehemu bapa, usiligonge ukingoni mwa bakuli. Mwishoni Almut hayupo tena, na Tobias yuko jikoni na binti yao mdogo, anamfundisha vilevile. Hakuna anayemtaja mama.

Tangu siku ile, kila nikishika yai naligonga mezani.