Tiki ya kijani, folda tupu: uzoefu wangu na kamera ya kutuma rekodi kwenye NAS

Jamani hasira ninazo mpaka sasa hivi naandika. Kwenye boksi wameandika kabisa kamera inatuma rekodi kwenye NAS (kile kiboksi cha hadi diski kinachounganishwa kwenye ruta), na ndicho kilichonifanya ninunue hii, maana stoo yetu ya nafaka hapa Tandale mwizi alishapita akang'oa kamera ya zamani akaondoka nayo na kadi ya memori humohumo ndani, ushahidi wote anao yeye. Nikataka safari hii rekodi zikae kwenye hadi diski, chumba kingine, kimefungwa.

Nikaingiza IP (anwani ya NAS kwenye mtandao), jina, paswedi, folda nikaipa ruhusa ya kuandika, nikabonyeza kitufe cha kujaribu ikaleta tiki ya kijani. Asubuhi nafungua folda, hakuna kitu. Narudia, tiki ya kijani, hakuna kitu! Nadhani kile kitufe kinaangalia tu kama NAS iko hewani. Sasa kama imeshindwa si iseme imeshindwa?

Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana hata hajanisikiliza, ananikatiza, "Dada, mambo ya NAS ni ya makampuni, wewe nunua kifurushi cha klaudi." Ya makampuni? Mimi hela yangu ilikuwa na kasoro gani? Na klaudi kwa bando la nani, kamera moja ikirekodi mfululizo kwa Mbps 2 inakula zaidi ya GB 21 kwa siku, wakati ukituma ndani kwa ndani kupitia ruta yako bando huligusi kabisa.

Jibu nikalikuta kwenye logi (kumbukumbu za matukio) za NAS yenyewe. Kamera inabisha hodi kwa SMB1, ile njia ya kizamani ya kupitishia mafaili kwenye mtandao ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017, Microsoft wenyewe mwaka huohuo wakaacha kuiweka kwenye Windows 10 mpya, na NAS za siku hizi nyingi zinaikataa. Yaani niifungulie mlango huo humo zilimo hesabu zangu za biashara? Siwashi ng'o! Nikahamia FTP, njia nyingine ya kutumia mafaili, nikaitengenezea kamera yuza wake anayeona folda moja tu (FTP inapeleka paswedi waziwazi, kwahiyo poti 21 usiifungue kwa nje), na kwenye ruta nikaifungia NAS IP yake isihame kila umeme ukikatika.

Mafaili yakaanza kushuka. Na picha ya usiku jamani ni safi, maandishi ya kwenye magunia yanasomeka. Nilikuwa natoa nyota moja, nikasema basi nne, kamera nzuri kwa kweli. Ila nikimkumbuka yule kijana narudi kwenye mbili, kwa sababu FTP ipo, wameificha kwenye setingi unazofungulia kwenye kompyuta, kwenye app ya simu haionekani, na angeweza kuniambia hilo kwa sentensi moja tu. Ukiitaka nunua, lakini muulize muuzaji kwanza kama ina SMB2, yaani toleo jipya zaidi ya ile SMB1, akianza habari za klaudi nenda duka la pili.