Ncha za mpira au za sponji?

Spika za masikioni za waya za bei ya chini huzuia kelele kwa kuziba tundu la sikio tu, kwa hiyo ncha, kile kipande laini kinachoingia sikioni, ndiyo kila kitu. Za mpira wa silikoni kwa kawaida huja saizi tatu na unaziosha kwa sabuni, lakini mngurumo wa daladala unapenya. Za sponji unaziviringisha kwa vidole mpaka ziwe nyembamba, unazichomeka, unasubiri kama nusu dakika zitanuke. Hapo injini inafifia, hata konda akiita kituo humsikii. Mimi nimeshapitiliza Mwenge mara mbili! Ila jasho la Dar linazichakaza upesi. Maktabani natumia sponji; njiani mpira, sikio moja likiwa wazi.