TAHADHARI: Bolti za "ndege" zinazouzwa Kisumu ni za hadiweya

Wenzangu mnaojiundia ndege ndogo huku magharibi, pamoja na mafundi mnaowasaidia, kuna mtu anauza bolti za miguu ya ndege akidai ni AN, yaani bolti za ndege za viwango vya Marekani. Si AN. Ni bolti za kawaida zenye rangi ya dhahabu, na bei yake ndiyo pekee iliyo ya ndege.

Rafiki yangu wa Kisumu ana ndege ya viti viwili ambayo bado anaijaribu kwa kuikimbiza ardhini. Bolti za miguu zilikuwa zimelika, akaagiza AN4 na AN5 kwa huyu bwana. Alilipa kwa M-Pesa, mzigo ukaja na matatu. Aliponiletea tuzifunge, hata begi la spana halikufunguliwa. Vernia, kile kifaa cha kupima unene, ilitosha.

AN4 ina unene wa robo inchi. Ukipima ya kweli utapata karibu milimita 6.3. Hizi hazikufika hata 6. Ni M6, bolti ya kawaida ya milimita 6! Kwenye geti la nyumba tofauti hiyo haina neno. Kwenye mguu wa ndege, kila inapotua bolti inagongagonga ndani ya tundu, tundu linapanuka, mwisho mguu unajikunja ndege ikiwa bado kasi.

AN5 zake ndizo zilizonitisha zaidi, kwa sababu ni M8, ya milimita 8, na hiyo inakaribiana mno na 5/16 ya inchi, unene wa AN5 ya kweli, ambayo ni milimita 7.94. Ukiisukuma kidogo inaingia, na mkono hautakwambia lolote. Hapo tazama kichwa na nyuzi. Kichwani AN ya chuma huwa na alama ya X au nyota iliyopigwa kiwandani. Hizi X imechongwa kwa mkono, mistari haikutani, na mikwaruzo ya grainda bado ipo. Moja naona aliyesugua alichoka: ukiigeuza juani unasoma 8.8, alama ya nguvu ya bolti za kawaida za milimita. Nyuzi nazo zimepanda hadi nusu ya shina, ilhali bolti ya ndege sehemu inayokaa ndani ya vyuma huwa laini. Nyuzi zikibeba mzigo ndani ya tundu, ufa huanzia hapo.

Cheti kilichoambatanishwa ni fotokopi, na AN4 na AN5 zimepewa nambari moja ya kundi la kiwandani, kana kwamba saizi mbili zilitengenezwa kwa mkupuo mmoja. Kichekesho.

Tulipompigia alisema hata gredi 8 ya hadiweya, ile bolti ya inchi yenye nguvu zaidi, ina nguvu kuliko AN. Kwa tarakimu tupu ni kweli: pauni 150,000 kwa inchi ya mraba, AN ni 125,000. Lakini alichotuma si hata gredi 8, na nguvu ya kuvutwa haizibi pengo ndani ya tundu. Tukadai pesa, akatublock.

Kama ulinunua kwake, usiirushe ndege wala kuikimbiza. Chomoa bolti moja uipime na utazame kichwa na nyuzi zake, kisha hifadhi mfuko, cheti na ujumbe wa M-Pesa. Sisi vyetu tumevipeleka polisi. Za kubadilisha, waulize mafundi wa ndege wa uwanja wa Wilson, Nairobi, wanakonunua wao.

Laini aliyotumia haipatikani tena. Wiki hii nimeona tangazo la Nakuru lenye nambari mpya na picha ile ile: bolti za manjano juu ya mizani ya jikoni, na kwenye moja ile X iliyopinda inaonekana ukivuta picha karibu.