Kuishi kituo cha zimamoto Marekani bila kulipa kodi ya chumba: tathmini yangu

Wadau, hasa vijana wa kwetu mlioko Maryland, Virginia na Pennsylvania mnaotaka kazi ya zimamoto ya kuajiriwa, leo nawapa tathmini ya hii programu ya kuishi kituoni, maana naona inapigiwa debe sana na wanaoipigia debe wanataja jambo moja tu, kwamba hulipi kodi. Ni kweli hulipi. Ila ukiingia kwa ajili ya kodi tu, baridi haitaisha utakuwa ushabeba mabegi yako.

Kwa ambao hawajui inavyokwenda, zimamoto huku sio jeshi moja la nchi nzima kama letu kule Tanzania, kila kaunti na kila mji wana lao, na walio wengi hawalipwi kabisa. Hesabu za 2020 za NFPA, shirika la huku linaloandika vigezo vya zimamoto, zilikuwa zimamoto milioni moja na kidogo, na kama 65 katika kila 100 ni wa kujitolea. Sasa kituo cha kujitolea shida yake ni usiku, saa nane kengele inalia, watu wako makwao wamelala na wake zao, nani atapanda gari? Ndo wakaja na hii ya kuchukua vijana, wengi wanafunzi, wanawapa kitanda, umeme, intaneti na jiko, na vijana wanatoa usiku wao. Pale College Park, ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Maryland, wanafunzi wamekuwa wakilala kituoni miaka na miaka, sio kitu kipya.

Mimi nilikaa kituo kingine cha Maryland, jina nalibakiza maana mengine nitakayosema hapa sio mazuri.

Nianze na kilicho bora kuliko vyote, mafunzo. Ukiwa mwanachama wa kituo, kozi za chuo cha zimamoto cha jimbo, MFRI, hulipii ada, na zinafanyika jioni na Jumamosi kwa hiyo mwenye kazi ya mchana anaweza. Unapata Faya-faita Wani, yaani cheti cha zimamoto cha ngazi ya kwanza, unapata Tuu, ya pili, unapata EMT, ya kuhudumia wagonjwa wa dharura, ambayo peke yake ni saa 150 na kitu za darasani na vitendo. Hayo makaratasi ukija kuomba kazi yanaonekana. Ila jamani tusidanganyane, idara kubwa nyingi zitakurudisha akademi upya hata uwe na vyeti ukutani kama kalenda, faida ni kwamba wenzako wanajifunza kufunga fundo siku ya kwanza na wewe mikono inajua yenyewe.

Na mikono inajua kwa sababu ya kukaa pale. Hiki ndo ambacho darasa haliwezi kukupa. Asubuhi kabla ya chai unakagua gari, unafungua kila mlango, unaangalia mitungi ya hewa kama ina presha yake (ule mtungi umeandikwa dakika 30 lakini ukiwa unavuta mpira wa maji ngazini na moyo unakwenda mbio, ukipata 20 shukuru). Halafu kapteni anafunga milango yote ya gari anakuuliza, Halligan (lile nondo la kuvunjia milango) iko wapi, adapta ya mpira mdogo iko wapi, na usipojibu bila kufungua unarudia kesho. Mwanzoni niliona ni uonevu. Baadaye tukaenda kwenye ajali ya Beltway, ile barabara kuu inayozunguka Washington, usiku, mvua, taa zinawaka huku na huku, nikaambiwa niletee kitu fulani na mkono ukaenda wenyewe pale kilipo, hapo nikaelewa kwa nini yule mzee alikuwa ananisumbua.

Usidhani lakini kila usiku ni moto. Moto ni kidogo sana! Zaidi ya nusu ya safari ni wagonjwa, bibi ameanguka hawezi kuinuka, mtu kifua kinambana, mlevi amelala kituo cha basi. Nyingine ni kengele za mabweni ya wanafunzi, mtoto kaunguza popkoni saa tisa usiku na jengo zima liko nje na blanketi. Kigezo cha NFPA ni kwamba kengele ya moto ikilia una sekunde 80 za kuvaa na gari kuanza kuondoka, kwa mgonjwa 60, kwa hiyo unajifunza kulala suruali ikiwa imeshavishwa kwenye buti pembeni ya kitanda. Usingizi wako unaharibika, nakwambia ukweli. Mwenye mtihani saa mbili asubuhi apange vizuri zamu zake.

Mama yangu yuko Tanga, siku nilipompigia kumweleza akaniuliza, "Wanakulipa shilingi ngapi baba?" Nikamwambia hawanilipi mama, wananipa pa kulala. Akanyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo umekuwa mlinzi." Nilicheka sana lakini swali lake ni la maana, kwa sababu kitanda sio bure. Ukipiga hesabu ya saa unazokaa zamu, kusafisha, mafunzo, na mchango wa chakula (mnachanga, anapika mmoja mnakula wote), chumba cha kupanga na wenzako kinaweza kutoka nafuu. Unacholipwa kweli ni uzoefu na watu wanaokujua. Ukienda intavyuu wanakuuliza niambie siku uliyofanya kazi na timu chini ya presha, wewe una za kusimulia, mwenzako anasimulia mradi wa darasani.

Kuhusu maisha ya mle ndani. Mgeni, wanamwita probi, ndo anaosha vyombo, ndo wa kwanza kupokea simu, ndo wa mwisho kukaa kwenye kochi. Ukifanya chochote kwa mara ya kwanza unanunulia watu aiskrimu, moto wa kwanza aiskrimu, picha yako ikitoka gazetini aiskrimu, yaani wanakutafutia sababu. Hilo sikulichukia. Nikawapikia ugali na mchuzi wa nazi, wawili walikula na kijiko, mmoja ni yule kapteni na aliongeza.

Nilichokichukia ni kwamba ofisa wa mafunzo alikuwa anachelewa kusaini fomu za watu, na bila sahihi yake unabaki unasafisha choo na kulinda jengo wakati gari linatoka bila wewe. Wengine walikaa miezi hivyo. Pia mchana wanakuja walioajiriwa na kaunti, usiku ni sisi, na kati ya makundi hayo mawili kuna baridi fulani, nani kaacha jiko chafu, nani kamaliza dizeli, ugomvi wa kitoto lakini unachosha.

Na jambo la afya lisipite hivi hivi. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya zimamoto kundi la kwanza, yaani inasababisha saratani, hakuna tena labda. Kwa hiyo ukienda kutembelea kituo angalia nguo za moto zinatundikwa wapi. Ukizikuta kwenye chumba cha kulala au zinanuka moshi kabatini, geuka. Kituo kizuri kina mashine ya kuzifulia na kina bomba la kunyonya moshi wa magari. Uliza pia wanatoka mara ngapi kwa mwaka, na ukikaa kabla ya cheti unaruhusiwa kupanda gari kama mtazamaji au la. Kituo kisichotoka ni hosteli tu.

Nyota 4 kati ya 5 naipa programu kwa ujumla, kituo nilichokaa mimi 3.

Wenye viza ya masomo msisaini chochote kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwenu, kitanda cha kubadilishana na kazi kinaweza kuhesabiwa kuwa malipo. Wenye grinikadi mko sawa kwa kujitolea, ila ajira yenyewe idara nyingine zinataka uraia, soma tangazo vizuri kabla hujaanza kujiandaa na CPAT, ule mtihani wa mwili, majaribio 8 ndani ya dakika 10 na sekunde 20 ukiwa na fulana ya pauni 50, na ngazi wanakuongezea 25 nyingine. Mazoezi ya ngazi anza sasa hivi. Wengi wanashindwa pale pale kwenye ile dakika ya pili ya ngazi, wala mpira hawajaugusa.