Tunda Gani Umpe Simbilisi? Nimejaza Sinia, Tuchambue Pamoja

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Sinia hili nimelijaza sokoni asubuhi hii, na kila tunda nalipima kwa swali moja: simbilisi wako akilila, litamjenga au litamdhuru?

Naanza na pera, maana kwangu ndilo la kwanza. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C. Akiikosa anapata kiseyeye: viungo vinavimba, anachechemea, manyoya yanakosa mng'ao, ukimshika analia. Kwa siku anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Sasa gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, wakati chungwa la uzito huohuo lina kama 50 tu! Ndiyo maana kipande kidogo kinatosha. Tazameni ninavyokata: kama ncha ya kidole gumba, na hapa katikati penye mbegu ngumu napatoa. Mara mbili kwa wiki, basi. Siku nyingine vitamini hiyo mpe kwa pilipili hoho, haina sukari nyingi.

Papai nalo zuri, toa mbegu. Embe, nanasi na tikiti ni vya kuonja tu. Tufaha sawa, ila mbegu zake usimpe kabisa, zina kitu kinachogeuka sumu tumboni.

Ndizi hii nawaomba mnisikilize. Nilikuwa na jike mmoja, mwanangu akawa anampelekea ndizi kila jioni kwa mapenzi. Haikupita wiki, choo kikalainika, tumbo likajaa gesi, nyasi akazisusa. Tumbo la simbilisi linaendeshwa na vijidudu vinavyochachusha nyasi, na sukari nyingi huvivuruga. Tena hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo alichokila ndicho hichohicho kitamsumbua. Ukimwona hajala nusu siku, usingoje kesho, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Wangu alipona, lakini usiku ule hatukulala.

Na nyasi ndizo chakula chenyewe, jamani. Meno yake hayaachi kukua, yanasagika kwa kutafuna nyasi mchana na usiku. Tunda halifanyi kazi hiyo.

Hili la mwisho nimelitenga pembeni makusudi: parachichi. Hapana, hata kijiko kimoja. Lina sumu iitwayo persini, inayoweza kuharibu moyo wa simbilisi na sungura. Na haiko kwenye tunda peke yake. Nyie wa Njombe na Rungwe, ambao miparachichi imezunguka nyumba, najua majani yake yanaanguka hadi mlangoni pa banda. Yafagieni kila asubuhi, na msiwatandikie wala kuwakatia hata tawi moja la mti huo.