Albamu ya uzeeni ya Johnny Cash: ichukue kwa ajili ya "Hurt"

American IV: The Man Comes Around ilitoka Novemba 2002, Johnny Cash, mwimbaji wa country wa Marekani, akiwa na miaka 70, na ndiyo albamu yake ya mwisho kutoka akiwa hai. Ina nyimbo 15. Nyingine, kama "Danny Boy", zingeachwa na albamu isingepungukiwa kitu. Uzito wake uko kwenye "Hurt".

Huo ni wimbo wa roki, ulioandikwa na Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails na kutoka mwaka 1994. Anayeimba anakiri jinsi alivyojiumiza na kuwaangusha waliomwamini, wala hamsingizii mtu. Nyimbo nyingi za majuto huharibikia hapo: ubeti wa kwanza toba, wa pili lawama. Cash aligusa mahali pamoja tu. Anayeimba anasema amevaa taji; Reznor alilielezea kwa tusi, Cash akaweka miiba. Kwa masikio ya Moshi yaliyokulia kwenye kwaya, hilo laweza kusikika kama kujilinganisha na Kristo. Lakini papo hapo mvaa taji anakalishwa kwenye kiti cha mwongo, na unyenyekevu wa wimbo unasalimika.

Kwa bendi za hapa zinazotaka kuupiga jukwaani, kodi za gitaa ni chache: beti ni A mina, C, D, kiitikio ni A mina, F, C, G. Vidole havitasumbua. Kinachosumbua ni koo: waimbaji wengi hulifungua lote kwenye kiitikio cha kwanza, na cha pili kinawakuta hawana pa kupandia. Cash anaiachia piano kazi hiyo, inagongwa noti ileile kwa nguvu inayozidi kuongezeka. Maiki ikae sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni. Fundi mitambo apunguze mwangwi na besi, kwa sababu vikizidi vinafunika pumzi na mikwaruzo ya sauti ya mzee, na bila hiyo maneno hayaaminiki. Spika za baa nyingi za Arusha na Moshi zimetegwa kwa muziki wa kuchezea, hivyo usikilize kwa hedifoni kwanza.

Video iliyoongozwa na Mark Romanek ni nzuri mno, ila iache mpaka maneno yakukae. Inaonyesha makumbusho ya Cash yaliyofungwa, na mkewe June Carter akimtazama; wote wawili walifariki mwaka 2003. Picha hizo zitakuliza kabla hujausikia wimbo wenyewe.

Mwenye MB chache achukue "Hurt", "Personal Jesus" na wimbo unaoipa albamu jina.